Foleni Isiyosahau

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, usijilaumu. Hata Safina Haidari angefurahi kama wiki ile ingempita yeye pia.

Tulipofika ni hapa. Safina ni mtengeneza programu wa Kahororo, Bukoba mjini. Baba yake, Mzee Haidari, anafanya biashara ya dagaa. Binti alimwahidi baba tovuti ambayo wanunuzi wa Mwanza wangeagizia mzigo bila madalali, na akaijenga kwa njia aliyoizoea, ya kuandika karibu kila kitu kwa mkono wake. Kazi ikala msimu mzima. Tovuti ilipokuwa tayari, wanunuzi walishahamia kwa wengine na dagaa wa mzee walishanyeshewa.

Mzee hakugomba. Alifunga begi, akahamia kisiwani Bumbire asimamie uanikaji mwenyewe, na mlangoni akamwachia binti yake maneno machache: "Usinitafute kwenye simu mpaka kuwe na jambo."

Safina alimtafuta. Simu iliita, haikupokelewa. Akatuma salamu za Idi, hazikujibiwa. Mama yake alishatangulia mbele ya haki, ndugu wa kuzaliwa naye hana, na nyumba ikawa kubwa kuliko mahitaji. Amechoka, jamani. Mimi ninayesimulia nimechoka kwa niaba yake, na bado hatujafika kwenye habari yenyewe.

Katika uchovu huo ndipo akaja Ta Kahangwa.

Ta Kahangwa, hiyo Ta ikiwa heshima ya Kihaya kwa mwanamume, ni mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwao. Chama kina Waislamu na Wakristo, wenye nyumba na wapangaji. Hata aliyehamia shambani au visiwani hajitoi, maana mtu anaweza kuishi popote lakini anataka kuzikwa na watu wanaomjua. Ukifiwa, wanachama wanaweka majembe chini, wanafunga maduka, wanakuja. Asiyekuja anaulizwa.

Kuwaarifu wanachama ilikuwa kazi ya Ta Kahangwa. Alipiga simu mtu mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Hivi karibuni sauti ilikauka kabla hajafika nusu ya wanachama, na marehemu akazikwa na watu wachache mno. Mjane wake, Kokwijuka, alisimama mbele ya watu akauliza mume wake alimkosea nani.

Ndiyo maana mwenyekiti alikuja kukaa kwenye kiti cha Mzee Haidari, akaomba maji, akasema kwa ile sauti yake iliyokwaruza kwamba mkutano mkuu umekaribia. "Mwanangu, nataka nibonyeze mara moja, watu wote wapate habari. Nisije nikamzika mtu mwingine kama asiye na kwao."

Safina alikuwa ameapa kutogusa tena kazi ya mtu. Lakini utamkataliaje mzee aliyekaa kwenye kiti kile? Akakubali, kisha akampigia Muksini.

Muksini alisoma naye chuo. Siku hizi anafanyia kazi nyumbani kwao Kanazi, kompyuta sebuleni, kahawa ikianikwa uani. Ana maneno mengi na mikono myepesi, na shauri lake lilikuwa moja tu: safari hii wasitumie kiunzi kile cha zamani.

Kwa msomaji anayeijua kompyuta kwa picha za pasipoti tu, nieleze kidogo. Watengeneza programu wa leo hawaanzi na kiwanja kitupu. Wapo watu waliokwisha kutengeneza viunzi, wenyewe wanaviita fremuweki, ambavyo unavichukua mtandaoni na kujengea kazi yako juu yake. Vipo vingi, na kuchagua ndiko kunakotoa watu jasho, maana ukishachagua ni ndoa, hutoki kirahisi.

Alichozoea Safina ni kiunzi chepesi. Kinakupa mlango na madirisha, mengine utafute mwenyewe. Kinachelewesha, lakini kila mstari umeuandika wewe na unajua unafanya nini. Muksini alikuwa amehamia kwenye kizito. Hicho unakiambia tu kwamba una wanachama na una matangazo, chenyewe kinakutolea kurasa za kuingilia, za kusajilia, za msimamizi, pamoja na mtambo wa kutuma ujumbe, vyote tayari kabla chai haijapoa.

Walibishana kwenye simu mchana mzima. Safina aliuliza kikiharibika nani atajua kimeharibikia wapi. Muksini akasema dunia nzima inakitumia, majibu yamejaa mtandaoni. Safina akauliza habari ya mambo ambayo kiunzi kinayafanya chenyewe bila kuagizwa. Muksini akacheka, akasema hayo ndiyo mazuri yake.

"Safina, unamenya ndizi moja moja huku wageni wana njaa," akasema. "Mzee wako alikusubiri msimu mzima. Na huyu naye umsubirishe?"

Neno hilo lilimkaa pabaya. Mpaka leo Safina anasema hakuchagua kile kiunzi kwa utaalamu. Alichagua kwa aibu. Alitaka angalau mzee mmoja katika maisha yake apate kitu kwa wakati.

Na kweli kazi ilikwenda kama imetiwa mafuta. Mambo ambayo kwa dagaa yalimla miezi, hapa yalikuwa ya kubonyeza. Maelekezo ya kiunzi yalikuwa marefu, akasoma ya kusajili watu, akasoma ya kutuma ujumbe. Sura ya foleni akairuka, akijiambia ataisoma akipata nafasi. Nafasi yenyewe hakuipata.

Siku ya kuwaonyesha viongozi wa chama walikutana sebuleni kwa Ta Kahangwa. Safina akaunganisha kompyuta na televisheni ili wazee waone. Akaomba jina la kutangazia, la mfano tu.



Jina halikutoka. Safina akajaribu kuandika la kubuni, mtambo ukakataa. Kiunzi kile kilikuwa kimejiwekea sharti kwamba anayetangazwa kufa lazima awe mwanachama aliyesajiliwa. Ilikuwa busara nzuri kwa siku nyingine. Siku hiyo ilimaanisha apatikane mtu halisi, mwenye jina na namba ya simu, akubali kuandikwa marehemu mbele ya wenzake kwa kujaribia.

Hakuna aliyekubali. Mzee mmoja aliangalia dari. Mwingine alikumbuka kuwa ana mgonjwa nyumbani na asingependa kulisogeza jambo hilo karibu. Ma Immakulata, katibu wa chama na jirani wa ukuta mmoja na Safina, alisema wazi kwamba jina la mtu haliitwi huko kabla ya siku yake. Hata Ta Kahangwa aliyetaka mtambo kuliko wote akajifanya anatafuta miwani.

Safina alikuwa amechoka na alitaka kwenda kulala. Akaandika jina lake.

"Futa, mwanangu," Ma Immakulata akamwambia. "Andika hata la kwangu, mimi mzee."

"Ni mfano tu, Ma," Safina akasema, akabonyeza.

Kwenye televisheni yakatokea maneno kwamba ujumbe umewekwa kwenye foleni. Hakuna simu iliyolia. Safina akawaeleza kuwa kampuni inayosafirisha ujumbe ilikuwa bado haijaidhinisha jina la chama kama mtumaji, kwa hiyo hakuna kinachotoka. Wazee wakaomba waone tena. Akabonyeza tena, na tena, kila aliyechelewa kuingia akionyeshwa upya. Wakapiga makofi.

Ta Kahangwa peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. "Sasa huo ujumbe ambao haukutoka, umekwenda wapi?"

"Umepotea, Mzee," Safina akamjibu. "Tukikubaliwa tutaanza upya."

Kwa kiunzi cha zamani jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Kile chepesi ujumbe ukigoma kinautupa, kinasahau, maisha yanaendelea. Kizito hakisahau. Kinauweka kwenye foleni, kinajaribu, kikishindwa kinangoja, kinajaribu tena, siku baada ya siku, kwa uvumilivu ambao binadamu hatuna. Hayo yote yalielezwa vizuri sana katika ile sura aliyoiruka.

Wiki hii, Alhamisi asubuhi, kampuni iliidhinisha jina la chama.

Safina hakujua. Alikuwa katikati ya mji kwa fundi na chaja ya kompyuta yake iliyokufa, na simu nayo alikuwa ameizima kwa sababu usiku wake haukuwa mzuri. Alirudi nyumbani kwa miguu akiwaza uji. Kwenye kona akaona watu wanafunga turubai, akajiuliza ni kwa nani kumetokea nini. Akasogea. Turubai lilikuwa linafungwa kwenye mlango wake.

Mikungu ya ndizi ilishapangwa ukutani. Kuni zilishashushwa. Wanaume wawili walikuwa wanalaza mkeka, na Ma Immakulata alitokea nyuma ya nyumba na mwiko mkononi, macho yamemvimba. Alimwona Safina. Hakupiga ukelele. Alikaa chini pale pale kwenye udongo, mwiko bado ameushika, akawa anamtazama tu.

"Ma," Safina akasema. "Nani amekufa?"

Mtu mmoja akampa simu asome. TANZIA. Chama kinasikitika kutangaza kifo cha mwanachama wetu SAFINA HAIDARI wa Kahororo. Mazishi ni leo baada ya sala ya alasiri. Kwa maelezo piga namba hii ya Mwenyekiti.

Ta Kahangwa alidhani katibu ndiye aliyetuma. Katibu alidhani ni mwenyekiti. Walipogonga mlango hapakuwa na mtu, walipopiga simu ilikuwa imezimwa, wakaamini mwili umeshapelekwa hospitali. Na kwa kuwa marehemu ni Mwislamu na Waislamu hawakawizi maziko, hakuna aliyekaa akangoja maelezo. Vijana wa msikiti walikwenda kuchimba kaburi. Gari la kubebea mwili lilikuja na jeneza la msikiti nyuma. Chama kilichokuwa kinalalamikiwa kwa uzembe siku hiyo kilifanya kazi kuliko siku zote.

Wakati Safina anawaeleza kilichotokea, simu za watu zikalia zote kwa pamoja. Safina Haidari alikuwa amefariki tena. Baada ya muda mfupi zikalia tena. Kila alichobonyeza siku ile sebuleni kilikuwa kinatoka kwa zamu yake.

Aliwasha simu akampigia Muksini, sauti imemkauka kuliko ya mwenyekiti. Kwanza wakaandika ujumbe wa kusahihisha. Ujumbe huo nao ukaingia kwenye foleni, mwisho kabisa, nyuma ya vifo vyote. Wakiiacha foleni iende, watu wataendelea kumlilia. Wakiizima, na sahihisho nalo halitoki.

"Izime," Safina akasema.

Muksini akaizima. Kisha, na hapa nimsifu kidogo, akaunda kitufe kipya kisichopitia foleni kabisa, kinachotuma papo hapo, akakiweka kwenye simu ya Ta Kahangwa peke yake ili mtu mwingine asikiguse. Kwa kile kiunzi ilikuwa kazi ya dakika chache. Kwa kasi hakina mpinzani.

Mwenyekiti akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: Safina Haidari yu hai, ile ilikuwa hitilafu ya mtambo, chama kinaomba radhi na kinawashukuru waliofika. Akabonyeza. Simu zikalia. Watu wakasoma, wakamtazama Safina, wakasoma tena. Wengine walicheka. Wengine walikasirika. Ma Immakulata aliinuka akaenda kumshika mkono, akaushika kwa nguvu, wala hakuuachia.

Ndipo mtu akauliza kama Mzee Haidari naye aliupata.

 Katika fujo yote ile Safina alikuwa amewaza aibu, amewaza chama, amewaza foleni. Baba yake hakuwa amemwaza. Mzee ni mwanachama. Namba yake imo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika.

Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Akampigia Jesca, mwanamke aliyetoka Geita akahamia kisiwani, ambaye huanika dagaa jirani na mzee. Jesca alipokea, akasikia sauti, akakata. Kisha Jesca mwenyewe akampigia. Akataka kujua kwanza anaongea na nani, na Safina alipojitaja Jesca akaanza kulia, ikabidi wangojane.

Mzee alisoma ujumbe akiwa amesimama katikati ya dagaa, Jesca akamweleza. Aliusoma mara mbili, akavua kofia.  Aliingia chumbani akatoka na kanzu yake ya Idi na kitambaa cheupe, akaenda ufukweni kutafuta chombo. Chombo cha abiria kilishaondoka. Upepo ulikuwa mbaya, wavuvi wote walikuwa wamevuta mitumbwi juu. Alimsihi mmoja mmoja. Mvuvi mmoja, Ndaki, alimkatalia, kisha akamwona mzee anapiga magoti, akashindwa.

"Alisema binti yake hawezi kuzikwa na watu baki," Jesca akasema. "Alisema alimwambia amwite kukiwa na jambo, na sasa amemwita."

Msomaji, nilisema mwanzoni kwamba nimechoka. Hapo ndipo uchovu wenyewe ulipo.

Safina aliomba usafiri wa kwenda Muleba, kwenye mwalo ambako mitumbwi ya Bumbire inafikia. Gari lililokuwepo ni lile la kubebea mwili. Dereva hakusita, alimwambia apande mbele. Wakati gari linageuzwa, mjadala ulikuwa umezuka chini ya turubai kuhusu kaburi. Imamu alisema kaburi lisilo na mtu linafukiwa kwa udongo wake, basi, yameisha. Ta Kahangwa alisema kwa wazee wao wa Kihaya kaburi likishachimbwa haliachwi lifukiwe tupu, hukatwa mgomba ukalazwa humo, ardhi isidai kilichoahidiwa. Kila mmoja alikuwa na watu wake nyuma. Mwisho wakakubaliana lisiguswe mpaka Mzee Haidari afike, maana yeye ndiye mwenye msiba, ataamua.

Njia nzima Safina alipiga simu. Haipatikani. Dereva alijaribu kuzungumza mawili matatu kisha akaacha. Walipopita Muleba mjini mvua ilikuwa imeanza, na barabara ya kushukia ziwani ilikuwa tope.

Mwaloni palikuwa na wavuvi wachache wamejibanza chini ya kibanda cha mabati. Waliliona gari, wakaliona jeneza nyuma ambalo hakuna aliyekumbuka kulishusha, wakasimama kwa heshima wakauliza marehemu ni nani.  Safina akawauliza tu kama Ndaki ameshafika.

Hawajamwona. Waliangaliana. Mmoja wao, mtu mzima aliyejifunga shuka la plastiki mabegani, alimwonyesha jabali mbali upande wa kushoto. Alimwambia huko nyuma ya jabali hakuna mtandao, ndiyo maana simu haishiki. Wakifika usawa wake simu zitashika. Angoje.

Akangoja. Alikuwa ameanza kupanga atakachomwambia. Samahani haikutosha. Alitaka kumweleza habari ya viunzi viwili, kwamba aliacha kile cha polepole kwa sababu yake, ili asichelewe tena. Akaona hilo nalo ni la kipuuzi. Baba hatauliza kiunzi. Baba atamtazama kwanza kama ni mzima, kisha pengine atamchapa kofi, na Safina alilitamani kofi hilo kuliko kitu chochote.

Simu yake ikatoa mlio wa ujumbe.

TANZIA. Chama kinasikitika kutangaza kifo cha mwanachama wetu HAIDARI SHABAN wa Kahororo. Habari za mazishi mtaarifiwa.

Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa hasira. Aliamini Muksini, kwa mikono yake myepesi, alikuwa amejaribia na jina la mzee, na sasa nalo limetoka. Akampigia, hata salamu hakumpa.

"Umejaribia jina la baba yangu?"

 Muksini naye alikuwa ameupata.

"Sijawahi kuandika jina la mzee, Safina. Na foleni nimeizima tangu asubuhi, hakuna kilichopita humo."

"Basi huu umetoka wapi?"

"Umepita kwenye kile kitufe," Muksini akasema polepole. "Kile kisicho na foleni. Huu ameuandika mtu, sasa hivi."

Kitufe kile kiko kwenye simu moja tu. Na mwenye simu hiyo, namba yake iko chini ya ile tanzia ya asubuhi, mwenye neno lolote, hata aliyeko mtumbwini, ampigie yeye. Safina akampigia Ta Kahangwa. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

Akabaki na namba moja ya kupiga. Siku nzima ilikuwa inamwambia haipatikani. Akaipiga.

Ikaita.

Iliita mpaka ikakata, haikupokelewa, vile vile kama ilivyokuwa tangu mzee alipohama. Akapiga tena. Ikaita. Hapokei kwa sababu ana hasira, au hapokei kwa sababu gani? Alisimama kwenye mvua na simu sikioni, akiomba baba yake awe bado amemnunia.

Mtu wa shuka la plastiki akatoka kibandani. Alikuwa amesikia mashine ya mtumbwi kabla ya wengine. Akakinga macho kwa kiganja, akaangalia kule kwenye jabali kwa muda mrefu.

"Huyo Ndaki," akasema.

"Wako wangapi?" Safina akauliza. "Mjomba, niambie, wako wangapi?"

"Namwona aliyesimama nyuma kwenye mashine," mvuvi akasema. "Mbele sioni vizuri. Kuna kitu cheupe."

Simu bado ilikuwa inaita sikioni mwake. Safina akaanza kuingia majini na viatu vyake.